Usanifu wa Majengo na Mandhari Unaofuata Hali ya Hewa: Goma

Usanifu unaofuata hali ya hewa ni kazi ya kubuni nyumba, nyua, bustani na njia za maji kwa kutegemea jua, upepo, mvua na udongo wa mahali, ili mwenye nyumba asihitaji mashine ya kupoza wala ya kupasha joto. Huko Goma, mji mkuu wa jimbo la Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jua na mvua havitoshi kueleza nyumba. Chini yake pana mawe ya volkano, katika nyufa za mawe hayo hupanda gesi, na mvua inayonyesha juu ya paa huweza kuwa imepita kwenye moshi wa mlima Nyiragongo. Kwa hiyo mbunifu wa Goma huisoma ardhi kama sehemu ya hali ya hewa.

Jua, upepo na mvua

Goma iko kwenye ufuo wa kaskazini wa Ziwa Kivu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo ya ikweta. Mwinuko huo huupa mji joto la wastani la nyuzi 19 hadi 20 za Selsiasi, na mwezi mmoja hautofautiani sana na mwingine. Tofauti kubwa ni ya mchana na usiku. Bati lisilo na dari hushika joto kwa saa chache za jua na kulimwaga chini kwa walio ndani. Jua likishatua, bati hilohilo hupoa kabla ya kitu kingine chochote nyumbani, na mvuke wa pumzi za waliolala hugeuka matone upande wake wa chini na kuwadondokea. Dari ya mbao au ya mkeka, yenye nafasi ya hewa kati yake na bati, huondoa sehemu kubwa ya taabu zote mbili. Hakuna badiliko jingine dogo linaloleta nafuu kubwa kiasi hicho, na inasikitisha kwamba dari ndiyo hukatwa kwanza pesa za ujenzi zinapopungua.

Jua hupita upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba, hivyo kuta za pande hizo mbili zote huhitaji upenu, na upenu wa kiasi hutosha kwa kuwa jua liko juu. Kuta za mashariki na magharibi ndizo ngumu, maana jua la asubuhi na la jioni hupenya chini ya upenu wowote. Nyumba iliyolazwa kutoka mashariki kwenda magharibi hukwepa sehemu kubwa ya jua hilo. Lakini viwanja vya mjini hukatwa kwa kufuata barabara, na mwenye kiwanja kinachotazama magharibi hubaki na varanda, mti, au kuta zenye madirisha machache.

Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hewa baridi huteremka kutoka milimani. Chumba chenye matundu pande zote mbili hupitisha hewa bila feni. Mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Desemba, hurudi kwa nguvu kati ya Machi na Mei, na kwa mwaka hupita milimita 1,000. Kiangazi cha Juni hadi Agosti huleta vumbi jeusi linaloingia kila penye upenyo.

Ardhi iliyotoka mlimani

Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, uko umbali wa chini ya kilomita 20 kaskazini mwa mji. Lava yake ina silika kidogo, kwa hiyo hutiririka kwa wepesi kuliko lava ya volkano nyingi duniani. Mlima ulilipuka tarehe 10 Januari 1977, kisha 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya Goma hadi ziwani. Ilifunika zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji pamoja na kipande cha njia ya kurukia ndege, ikaharibu Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Safari hii lava ilisimama pembezoni mwa mji, upande wa Buhene, lakini matetemeko ya siku zilizofuata yalipasua nyumba nyingi, na tarehe 27 Mei serikali ya jimbo iliamuru mitaa 10 kati ya 18 ihamwe.

Baada ya mwaka 2002 watu walirudi na kujenga juu ya lava ambayo sehemu zake zilikuwa bado na moto. Hawakuwa na pengine pa kwenda, na kazi, soko na mpaka wa Rwanda vyote viko hapohapo. Mashirika ya misaada yaligawa vifaa vya nyumba za mpito, na mafundi wa mji wakaziendeleza kwa namna yao. Katika baadhi ya mitaa Goma ya leo imesimama juu ya jiwe ambalo umri wake ni mdogo kuliko wa wakazi wake wazee.

Nyumba ya mbao

Nyumba ya kawaida ya mwananchi wa Goma ni ya mbao: fremu ya miti, mara nyingi mikaratusi, mbao zilizopigiliwa kwa kupandana ili mvua isiingie, paa la mabati, na chini yake msingi wa mawe ya volkano unaoinua sakafu juu ya ardhi. Wageni wengi huiona kuwa ni kibanda cha kungojea nyumba ya kweli. Ukweli ni kwamba nyumba hiyo imejibu maswali magumu. Ni nyepesi, kwa hiyo lava yenye nyufa na mapango madogo chini yake huibeba. Hujipinda katika tetemeko pale ukuta wa matofali unapopasuka. Huweza kufunguliwa ubao kwa ubao na kupandishwa upya mahali pengine, jambo lenye thamani kubwa kwa mpangaji wa kiwanja na kwa mtu anayeishi chini ya volkano. Ule msingi uliochongwa kwa mkono hutenganisha mti na unyevu na kuongeza miaka ya nyumba.

Udhaifu wake ni moto. Katika mitaa iliyobanana kama Birere, jiko la mkaa au waya mbovu wa umeme huweza kuteketeza safu nzima ya nyumba kwa saa chache. Hapa ubunifu wa nyumba moja hausaidii kitu. Kinachosaidia ni nafasi kati ya nyumba na nyumba, ukuta mmoja wa jiwe kila baada ya nyumba chache, na jiko lililotengwa. Umeme wa kituo cha Matebe, chenye megawati 13, kilichozinduliwa na Hifadhi ya Taifa ya Virunga mwishoni mwa mwaka 2015, umefungua njia ya kupika bila mkaa kwa wanaoumudu. Jiko la umeme likiingia, hata ramani ya nyumba hubadilika, kwa sababu chumba cha kupikia hakilazimiki tena kukaa nje kwa ajili ya moshi.

Jiwe jeusi

Jiwe la volkano ni kifaa cha bei nafuu, kwa kuwa anayesawazisha kiwanja hulivunja papo hapo. Ukuta mnene wa jiwe hupokea joto la mchana polepole na kulitoa saa kadhaa baadaye, wakati baridi ya usiku imeshafika; kwa hewa ya Goma hilo ndilo linalotakiwa. Lakini jiwe ni zito, na ukuta uliofungwa kwa saruji dhaifu huua katika tetemeko. Kinachouokoa ni mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima, chini na juu ya madirisha, na kuta zilizoshikana pembeni kwa mawe marefu yanayoingia pande zote mbili. Mbunifu anayesifu jiwe bila kutaja mkanda hajamtendea mteja wake haki.

Changarawe nyepesi ya volkano, iliyojaa vitundu vya hewa, hutoa matofali yasiyo mazito na yanayozuia joto zaidi kuliko zege la kawaida. Majivu laini ya volkano yana sifa nyingine: yakichanganywa na chokaa na maji huganda kama saruji. Warumi waliijua siri hiyo kutoka Pozzuoli, karibu na Napoli, na waliweka mawe mepesi ya volkano katika kuba la Pantheon ili kupunguza uzito. Goma inayo malighafi ya aina hiyo kwa wingi, huku mifuko ya saruji ikisafirishwa kutoka mbali.

Gesi, maji na choo

Magharibi mwa mji, kuelekea Bulengo na Mugunga, kuna mabonde madogo ambamo gesi ya kaboni dioksidi hujikusanya. Wenyeji huiita mazuku. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, na huua wanyama na watu, hasa alfajiri kukiwa hakuna upepo. Kanuni za ujenzi hapo ni chache na hazina mjadala: hakuna chumba chini ya ardhi, sakafu iinuliwe na nyufa zake zizibwe, matundu ya hewa yawekwe chini ya ukuta pia na si juu tu, na mtoto asilazwe chini sakafuni.

Tambarare ya Goma haina mito. Mvua huzama katika lava na kwenda ziwani kwa njia za chini, ikibeba kila uchafu uliotupwa kwenye nyufa. Madhara ya jambo hilo yalionekana mwezi Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipokuta ardhi isiyochimbika kwa choo wala kisima: kipindupindu na kuhara damu viliua watu karibu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Choo cha kufaa hapa hupandishwa juu, tangi lake likijengwa na kuzibwa ili lisivuje. Maji ya paa ni hazina, ila moshi wa volkano huyatia asidi na floridi, na mabati huliwa na kutu mapema. Mfereji unaomwaga maji ya dakika za kwanza za mvua kabla ya kujaza tangi husafisha vumbi na majivu, ingawa hauondoi floridi iliyomo ndani ya mvua yenyewe, kwa hiyo upimaji wa maji hauepukiki.

Mandhari

Lava mpya hupata mimea kwa utaratibu wake. Kwanza huja kuvu-mwani wa kijivu, Stereocaulon vesuvianum, kisha mangungu kwenye nyufa, kisha vichaka. Wakazi huharakisha kazi hiyo kwa kununua udongo na kuumwaga kwenye mashimo waliyoyachonga, kisha kupanda migomba, mboga na maua. Ua mweusi usio na kivuli hupata moto mkali adhuhuri, na mti mmoja uliopandwa upande wa magharibi wa nyumba hufanya kazi ya ukuta wa pili. Mikaratusi hukua upesi na hutoa mbao na mkaa. Mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF, ulioanza mwaka 2007, umewasaidia wakulima kupanda miti ili msitu wa Virunga ukatwe kidogo. Kwa kivuli cha uani, hata hivyo, mikaratusi ni chaguo dhaifu.

Majaribio

Mifano iliyofanyiwa kazi kwa kina iko upande wa pili wa safu ya Virunga. Hospitali ya Butaro nchini Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011, ilibuniwa na kundi la wasanifu la MASS Design Group kwa kushirikiana na Wizara ya Afya na shirika la Partners In Health. Korido zilitolewa nje, vitanda vikageuziwa madirisha, na hewa ikaachwa ipite ili kifua kikuu kisisambae wodini. Kuta zake ni za jiwe la volkano ambalo wakulima waliliona kuwa kero ya mashamba, na waashi wa eneo hilo walijifunza kulichonga hadi likapangika bila saruji kuonekana. Katika kituo cha Dian Fossey Gorilla Fund huko Kinigi, kilichofunguliwa mwaka 2022 na kubuniwa na kundi hilohilo, mapaa yameoteshwa mimea, majitaka husafishwa na kinamasi kilichotengenezwa, na mimea ya asili imerudishwa kwenye ardhi iliyokuwa mashamba. Kwa Goma kinamasi hicho kingehitaji sakafu isiyovuja, la sivyo lava ingekinywa chote.

Mfano wa mbali ni kisiwa cha Heimaey, Iceland. Baada ya mlipuko wa mwaka 1973 wakazi walipitisha maji kwenye lava iliyokuwa ikipoa na kupasha nyumba zao joto kwa miaka mingi, na majivu wakayatumia kurefusha uwanja wa ndege.

Goma ina vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Goma, na ina Kituo cha Uchunguzi wa Volkano chenye desturi ya kupima mlima na kuandika. Desturi hiyo inafaa kuingia chumbani. Jaribio la kuanzia halihitaji maabara: nyumba mbili za mbao zilizo jirani na zenye ukubwa sawa, moja iwekewe dari na matundu ya hewa juu na chini, ya pili iachwe ilivyo, vipimajoto na vipimaunyevu viwekwe kwenye urefu wa kitanda, na vipimo vichukuliwe kwa mwaka mzima wa mvua na kiangazi. La pili ni kuta za jiwe zenye mkanda na zisizo na mkanda, zikitikiswa hadi zianguke mbele ya waashi wenyewe.