Kundi la vituo vya Wi-Fi
Kundi la vituo vya Wi-Fi ni mkusanyiko wa vifaa vinavyorusha mtandao hewani na kupokea mipangilio yao kutoka kwenye kidhibiti kimoja. Chuoni, fundi akibadilisha nywila ya kundi la maktaba, vituo vyote vya maktaba hubadilika bila yeye kupanda ngazi; vya mabwenini hubaki vilivyokuwa. Itifaki ya wazi ya kidhibiti kuongoza vituo ni CAPWAP, iliyochapishwa na IETF, jopo la viwango vya intaneti, mwaka 2009: amri za kidhibiti hupita mlango wa UDP 5246, data za watumiaji 5247. Kosa la mipangilio nalo husambaa kwenye kundi zima kwa kasi ileile ya badiliko sahihi, ndiyo maana mafundi waangalifu hutanguliza kundi dogo la majaribio. Kituo kipya kisichopangiwa kundi kwa kawaida huangukia kundi la msingi.