Namba 2,147,483,647 na saa ya simu yako

Msikilizaji, chukua punje moja ya mahindi, uiongeze maradufu mara 31: mbili, nne, nane, kumi na sita. Utafika punje 2,147,483,648. Toa moja, unabaki na namba tunayoieleza leo.

Hii ni namba tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alikuwa amelithibitisha hilo kufikia mwaka 1772, bila kompyuta.

Inatuhusu vipi? Simu na kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu mwaka 1970 ulipoanza. Mifumo ya zamani haina nafasi ya kuhesabu kupita namba hii, nayo itatimia Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12:14 asubuhi, saa za Afrika Mashariki. Hapo kifaa ambacho hakijarekebishwa kinaweza kuonyesha Desemba 1901.

Simu mpya nyingi zina nafasi kubwa zaidi. Kwa hiyo, mtu akikuambia umlipe leo ili simu yako isizimike mwaka 2038, usitoe hela.