Semina si tasnifu: paa la Kariakoo lina la kusema

Kazi ya gazeti inakuzoesha kuandika haraka. Asubuhi unapata habari, jioni mhariri anaidai, kesho kutwa gazeti linafungia maandazi. Ndiyo maana mdogo wangu, anayesoma usanifu majengo, aliponiletea andiko lake la semina na kuniambia, "Kaka, nisaidie kulirefusha liwe tasnifu ya shahada," nilidhani ni kazi ya wikiendi moja. Kurasa 12 zifike 50: unaongeza picha, unanenepesha utangulizi, basi.

Kumbe sivyo.

Andiko lilihusu jengo la Soko la Kariakoo, Dar es Salaam. Lilianza na jina la mtaa, linalotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Likapita kwenye Azimio la Arusha la 1967. Likamtaja Beda Amuli, mbunifu wa jengo na mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Likasema Mwalimu Nyerere alilifungua soko hilo mwaka 1975. Kisha likahitimisha: paa lile ni mti ambao mababu zetu walifanyia biashara kivulini mwake, kwa hiyo jengo ni Ujamaa uliogeuka zege.

Sentensi tamu. Ningekuwa mhariri ningeifanya kichwa cha habari. Lakini msimamizi wake alikuwa ameandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, neno moja tu: "Umejuaje?"

Neno hilo lilitukalisha chini siku nyingi. Semina inakuruhusu kupanga vizuri yale waliyosema wengine. Tasnifu inakudai ushahidi, na kwa mtu wa majengo shahidi wa kwanza ni jengo lenyewe. Basi tukaacha vitabu, tukatazama picha na michoro ya paa.

Juu ya nguzo kuna zege lililotanuka kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Mwavuli wa kawaida humwaga maji pembeni. Huu huyapokea, ukayashusha katikati hadi kwenye tangi chini ya ardhi. Pande za soko ziko wazi ili hewa ipite. Yaani kitu kimoja ni kivuli, ni mfereji, na ni sehemu ya njia ya hewa katika mji wa joto na masika.

Umbo hilo pia lina ndugu zake mbali. Félix Candela alijenga miavuli ya zege iliyopinduliwa huko Mexico katika miaka ya 1950. Amuli mwenyewe alisomea Technion, mjini Haifa, Israel, na alifanya kazi na wasanifu wa Kiisraeli kabla ya kufungua ofisi yake mwenyewe.

Je, hapo Ujamaa umekufa? Hapana, umepata swali la maana. Ujuzi wa zege uliokuwa ukizunguka dunia wakati ule uligeuzwaje ili ufae jua, mvua na wachuuzi wa Kariakoo? Na ule mti, ulikuwamo kwenye mawazo ya mchoraji tangu mwanzo au tuliupanda sisi baadaye? Hilo ndilo swali la tasnifu. Baada ya kulipata, mdogo wangu alifuta historia ya jina la mtaa yote, na Azimio likabaki aya moja. Kurefusha kukaanza kwa kukata.

Msidhani haya ni mambo ya maksi tu. Amuli alifariki mwaka 2016, hatuwezi tena kwenda kumwuliza. Usiku wa Julai 10, 2021 moto uliunguza soko, na ukarabati ukafuata. Jengo likishapita kwenye moto na mikono ya mafundi, lazima awepo mtu anayejua kila kipande kiliwekwa kwa kazi gani. Anayeamini kuwa paa ni pambo atalipaka rangi aridhike. Anayejua kuwa ni mfereji atauliza kwanza maji yanakwenda wapi.

Nami nina deni. Soko lilipoungua nilikuwa ripota mgeni, nikaandika habari yake. Nililiita jengo "la kihistoria" mara tatu, na sikueleza historia gani. Hakuna mhariri aliyeniuliza nimejuaje.

Mdogo wangu sasa ana futi ya kupimia, daftari, na orodha ya wafanyabiashara wazee wa kule Shimoni anaotaka kuwauliza maji yalikuwa yakipita wapi. Kurasa zimeshuka, ziko tisa. Anasema hajawahi kuwa mbele kiasi hiki, na mimi namwamini.