Haidrojeni na Utindikali

Tindikali, kwa maana iliyowekwa na Svante Arrhenius wa Uswidi katika miaka ya 1880, ni kampaundi ambayo ikitiwa majini huachia ayoni za haidrojeni; wala si kila kampaundi yenye haidrojeni huwa tindikali, maana kuwa na kitu ni jambo moja, na kuwa radhi kukitoa ni jambo jingine.

Hapo awali Antoine Lavoisier wa Ufaransa alidhani kwamba asili ya ukali ni oksijeni, hata jina la elementi hiyo likatungwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya mzaa ukali. Lakini mwaka 1810 Humphry Davy wa Uingereza alibainisha kwamba tindikali ya chumvi haina oksijeni asilani, na mwaka 1838 Justus von Liebig wa Ujerumani akahitimisha kwamba haidrojeni ya kuhesabiwa ni ile tu ambayo metali yaweza kushika mahali pake.

Sababu imo katika kifungo. Haidrojeni ikishikwa na atomu yenye uchu mkubwa wa elektroni, kama vile klorini, jozi ya elektroni huvutwa upande huo, na haidrojeni, iliyobaki na chaji chanya kidogo, hunyakuliwa na maji. Kaboni haina mvuto huo: katika kipimo cha Pauling cha mvuto wa elektroni ina 2.55, na haidrojeni 2.20, ndiyo maana methani, yenye haidrojeni 4, haigeuzi rangi ya litimasi. Amonia, yenye 3, hufanya kinyume kabisa, kwani yenyewe hupokea ayoni ya haidrojeni kutoka majini, ikawa besi.

Ethanoli, kileo kilichomo katika tembo la mnazi, ina haidrojeni 6, na 1 kati ya hizo imeshikwa na oksijeni. Walakini majini haihesabiwi kuwa tindikali, kwa kuwa oksijeni ile, haidrojeni yake ikiondoka, ingelazimika kubeba chaji hasi bila msaidizi. Tembo likikaa wazi siku nyingi, bakteria kwa msaada wa hewa huigeuza ethanoli hiyo kuwa tindikali ya asetiki, yaani siki: molekuli imepungukiwa na haidrojeni 2 na kuzidi oksijeni 1, na sasa oksijeni mbili hugawana mzigo wa chaji. Basi siki, yenye haidrojeni chache kuliko kileo kilichoizaa, ndiyo iliyo kali. Na katika haidrojeni zake 4 inayotoka ni 1 tu, zile 3 zilizoshikwa na kaboni zisibanduke.