Kanda Zisizosomwa: Historia ya Kuhakiki Nakala Rudufu za Kompyuta

Nakala rudufu ni nakala ya data inayowekwa kando ili, data asilia ikipotea au kuharibika, kazi iweze kuendelea. Na urejeshaji ni tendo la kuitoa nakala hiyo ilikohifadhiwa, kuirudisha katika mashine na kuifanya itumike tena. Historia ya matendo haya mawili kwa kawaida husimuliwa kana kwamba ni tendo moja, ilhali yalianza pamoja, yakatengana katikati ya karne ya 20, na tangu hapo wataalamu wamekuwa wakijitahidi kuyaunganisha upya, mara nyingi baada ya hasara kubwa. Kutengana huko ndiko kunakoeleza kwa nini taasisi zenye mafundi hodari na fedha za kutosha zimejikuta na rafu zilizojaa nakala zisizoweza kurejeshwa.

Kanda ya sumaku iliingia katika kompyuta za kibiashara mwaka 1951, pale UNIVAC I ilipokabidhiwa kwa Idara ya Sensa ya Marekani ikiwa na mitambo ya kanda iliyoitwa UNISERVO, ambayo ilitumia utepe wa metali wenye upana wa nusu inchi. Mwaka uliofuata IBM ilitangaza mtambo wake wa 726, ambao kanda yake ilikuwa na njia saba, sita zikiwa za data na ya saba ikiwa ya biti ya ukaguzi, yaani alama ya ziada inayoiwezesha mashine kutambua herufi iliyosomwa vibaya. Mtambo wa 729 uliokuja baadaye ulipewa kichwa chenye sehemu mbili, moja ya kuandika na nyingine ya kusoma, hivyo kila kilichoandikwa kilisomwa papo hapo kabla kanda haijasogea mbali. Waundaji hao walikuwa wamekwisha kuelewa kwamba maandishi yasiyosomwa hayathibitishi chochote, ingawa ukaguzi wao ulihusu herufi mojamoja tu na haukuweza kujua kama faili zima ndilo lililotakiwa.

Ulinzi mkubwa zaidi ulitokana na utaratibu wenyewe wa kazi. Katika miaka ya 1950 na 1960 hesabu za mishahara, bima na benki zilifanywa kwa mafungu: miamala ya siku au ya wiki ilikusanywa na kupangwa, kisha mashine ikasoma kanda kuu ya zamani pamoja na miamala hiyo na kuandika kanda kuu mpya, bila kuigusa ile ya zamani. Kanda mpya iliitwa mwana, iliyoizaa iliitwa baba, na iliyomtangulia baba iliitwa babu, na vizazi hivyo vitatu vilitunzwa pamoja na miamala yake. Mwana akiharibika, baba alisomwa tena pamoja na miamala yake na mwana mwingine akapatikana, kazi ambayo opereta wa zamu aliizoea kama sehemu ya wajibu wake. Kwa kuwa kanda iliyoandikwa katika mzunguko mmoja ndiyo iliyosomwa katika mzunguko unaofuata, kila nakala ilijaribiwa na matumizi, na kasoro yake haikukawia kujulikana. Utaratibu huo haukubuniwa kwa ajili ya uhakiki, na pengine ndiyo sababu ulipoondoka wengi hawakutambua kwamba uhakiki nao umeondoka.

Ulianza kuondoka na ujio wa diski. Kompyuta ya RAMAC, iliyotangazwa na IBM Septemba 1956, ilikuwa na diski 50 zilizobeba herufi milioni 5, na iliruhusu rekodi moja ibadilishwe palepale ilipo bila faili zima kuandikwa upya. Juu ya uwezo huo ilijengwa mifumo ambamo karani huuliza na kujibiwa papo hapo, kama ule wa SABRE wa kukatia tiketi za ndege za American Airlines, uliokamilika mwaka 1964. Faida yake ilikuwa kubwa mno kukataliwa, lakini sasa thamani ya leo iliifuta ile ya jana, na kanda ikabadilika kutoka faili la kazi na kuwa kitu kinachoandikwa usiku, kubandikwa lebo na kupelekwa ghalani, ambako nyingi zilikaa bila kusomwa hadi zamu yao ya kuandikwa upya ilipofika. Kasoro zilipata pa kujificha: kichwa kilichokaa upande kidogo kiliweza kuandika kanda ambayo mtambo huohuo uliisoma bila shida lakini mitambo mingine ikaikataa, orodha ya kuonyesha faili liko kwenye kanda ipi iliweza kuwa ndani ya diski ileile iliyoharibika, na hifadhidata iliyonakiliwa huku ikiendelea kubadilishwa iliweza kubeba nusu ya muamala. Hakuna hata moja kati ya hizi ambayo ingezuia mashine kutoa taarifa kwamba kunakili kumekamilika.

Jibu la kwanza la kibiashara lilitoka Philadelphia mwaka 1978, ambako SunGard, iliyochipuka kutoka kampuni ya mafuta ya Sun, ilianza kukodisha nafasi katika vituo vya dharura, yaani kumbi zenye kompyuta zilizo tayari kupokea kazi za mteja aliyepatwa na janga. Mteja alifanya mazoezi huko kwa kupeleka kanda zake na kujaribu kuendesha kazi zake, na thamani ya zoezi hilo ilikuwa kwamba kanda ilisomwa na mtambo ambao haukuiandika. Hata hivyo, zoezi linalojulikana tarehe yake huandaliwa kama mtihani, na kanda zinazochaguliwa kwa makini hazisemi mengi kuhusu zile zilizobaki ghalani.

Mwaka 1998, filamu ya Toy Story 2 ilipokuwa ikitengenezwa katika studio ya Pixar, amri ya kufuta iliyotolewa kimakosa iliondoa sehemu kubwa ya mafaili yake kabla mashine haijazimwa. Nakala rudufu zilikuwapo, lakini mfumo wa kuzitengeneza ulikuwa na hitilafu isiyogunduliwa, na data iliyorejeshwa, iliyodhaniwa mwanzoni kuwa nzima, ikabainika kuwa na mapengo baada ya wasanii kuanza tena kazi juu yake. Kilichoiokoa filamu ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, msimamizi wa masuala ya kiufundi aliyekuwa akifanyia kazi huko kwa kuwa alikuwa na mtoto mchanga, na kuoanisha nakala hiyo na nyingine kulihitaji watu wakague maelfu ya mafaili kwa macho. Tukio hili hukumbukwa zaidi kwa bahati ya ile kompyuta ya nyumbani. Kwa historia ya uhakiki, jambo zito ni zile siku ambazo urejeshaji ulihesabiwa kuwa umefaulu ilhali haukuwa umefaulu.

Mfano uliofunuliwa kwa undani zaidi ni wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watu misimbo ya programu, ambayo tarehe 31 Januari 2017 ilipoteza hifadhidata yake kuu baada ya mhandisi, aliyekuwa akishughulikia tatizo jingine usiku, kufuta data katika seva isiyokusudiwa. Kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilibaki takriban 4.5. Programu ya kutoa nakala ilikuwa ya toleo lisilolingana na la hifadhidata, kwa hiyo ilishindwa kila mara, na barua pepe za kutoa tahadhari zilikataliwa na seva ya kupokea kwa kukosa saini inayotakiwa, hivyo ghala la nakala likawa tupu bila mtu kujua. Picha za diski, yaani nakala za hali ya diski kwa wakati mmoja, hazikuwa zimewashwa kwa seva za hifadhidata. Ilipatikana nakala moja tu iliyofaa, ambayo mhandisi aliitoa kwa mkono saa 6 hivi kabla ya ajali kwa ajili ya majaribio. Kazi ya saa hizo ilipotea, na huduma ilikaa takriban saa 18 bila kupatikana kwa sababu kunakili kutoka seva ya majaribio kulikuwa kwa polepole. Uamuzi wa kampuni hiyo kuuonyesha umma kazi ya urejeshaji ilipokuwa ikiendelea, na baadaye kueleza kila kilichoshindikana, unastahili heshima, kwa kuwa taasisi nyingi huyazika matukio ya namna hii na kuwanyima wengine elimu yake.

Google ilikuwa imekwisha kupita njia hiyo kwa matokeo mengine. Machi 2012, programu ya usafishaji katika huduma yake ya muziki ilifuta kimakosa marejeo ya sauti yapatayo 600,000, na urejeshaji ulihitaji kusomwa kwa kanda zaidi ya 5,000. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu tangu mwaka 2006 kampuni ilikuwa na desturi ya kuzua majanga ya makusudi ili kujaribu mifumo na watu wake. Desturi hiyo imefuatwa na mifumo ambayo huirejesha nakala katika seva ya pembeni kila usiku, huifungua hifadhidata, huhesabu rekodi zake na kutoa taarifa hata pale jaribio lenyewe linapokosa kufanyika.

Sheria nazo zimeanza kuzungumza lugha hiyo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, iliyoanza kutumika Mei 2018, inataka pawe na uwezo wa kurejesha data za watu kwa wakati baada ya tukio, pamoja na utaratibu wa kuipima mara kwa mara mipango ya ulinzi, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 ina takwa kama hilo la kwanza. Kwa hospitali au benki ya Nairobi, basi, rafu ya nakala haitoshi kuonyeshwa mbele ya mkaguzi, kwa kuwa kilichotajwa katika sheria ni uwezo wa kurejesha.