Kidokezi, Si Alama ya Kibayolojia

Mgonjwa wa homa ya ini sugu aina ya B anayeambiwa kuwa damu yake itapimwa "alama za kibayolojia" (biomarkers) ana haki ya kuuliza ni alama zipi: za mtihani, za barabarani au za chale?

Alama ni neno la asili ya Kiarabu, la mzizi mmoja na elimu na mwalimu, na hakuna anayelionea kwa nasaba yake. Kasoro ni tabia yake. Alama hutiwa, ikakaa. Kimeng'enya cha ALT hakikai: huvuja kutoka seli za ini zikiumia, kikapanda mwezi huu na kushuka mwezi ujao, na pengine kikapandishwa na pombe au dawa, virusi visihusike kabisa. Wengine wamekimbilia kiashiria, kisha wakagombana kama ni kiashiria au kiashirio. Ugomvi huo umewapa vikao, haujawapa istilahi. Na neno lenyewe wachumi walishalichukua zamani kwa viashiria vyao vya umaskini.

Linalofaa ni kidokezi. Kudokeza ni kugusia jambo bila kulimaliza. Umbo lake, ki- mwanzoni na -i mwishoni, ni lile lile la kivumishi na kiunganishi, maneno ambayo kila mwanafunzi anayajua. Kidokezo ni kile kilichodokezwa. Kidokezi ndicho kinachodokeza. (Kama kudokeza kuna udugu na kudokoa, mwandishi wa makala haya haapi, ingawa maabara hudokoa damu kidogo tu.)

Wapinzani hudai kwamba HBsAg, antijeni ya uso wa kirusi, haidokezi bali huthibitisha. Huthibitisha nini? Ikionekana mara moja haisemi kama maambukizi ni mapya au sugu. Mpaka idumu zaidi ya miezi 6. Baruch Blumberg wa Marekani alipoigundua katika miaka ya 1960, kwenye damu ya Mwaborijini, aliiita antijeni ya Australia. Ilipita miaka kabla haijahusishwa na homa ya ini, na Tuzo ya Nobel ikafuata 1976. Muda wote huo ilikuwa ikidokeza.

Pendekezo hili lilifikishwa mbele ya kamati moja, likarejeshwa bila hoja na wajumbe ambao, kwa heshima zote, huenda hawajawahi kushika karatasi ya majibu ya maabara.

Kwa matumizi: "vidokezi vya ini" kwa ALT na wenzake, "vidokezi vya virusi" kwa HBsAg, HBeAg (antijeni nyingine ya kirusi hicho) na wingi wa virusi. Wahariri wa vipeperushi vya afya wasisubiri kikao kijacho.