Paka Hana Pensheni

Usiku mmoja wa Juni 1900, katika stesheni ya Kima, simba aliingia ndani ya behewa la reli na kumuua Charles Ryall, afisa wa polisi aliyekuwa amekuja kumwinda simba huyo huyo. Zamu ya kukesha ilikuwa ya Ryall, usingizi ukamzidi. Wenzake wawili waliokuwa kwenye behewa hilo walinusurika. Kisa hicho kimesimuliwa katika vitabu vingi kuhusu reli ya Uganda, na ukiendelea na reli hiyo kuelekea Mombasa, ukipita Sultan Hamud na Emali, utakuta stesheni ambayo jina lake ni Simba. Hivyo ndivyo historia ya Makueni ilivyomheshimu paka mkubwa. Paka mdogo, yule wa jikoni, hakupewa hata kituo cha boda.

Mimi natoka Kasikeu, juu kidogo ya barabara hiyo ya Mombasa. Nimekuwa nikimtafuta paka mdogo katika historia yetu kwa sababu ya paka mmoja wa nyumbani anayeitwa Chifu. Ana miaka 15, figo zake zimechoka, viungo vinamuuma, meno yamebaki manne, na hampendi mtu yeyote. Jina alipewa na Susu, nyanya yangu, alipokuwa bado mdogo. Ukimuuliza sababu atakwambia: anakula ambacho hakulima, anampiga asiyemkosea, na hakuna aliyemchagua. Susu aliwaona machifu wa mkoloni kwa macho yake, kwa hivyo ulinganisho huo sijaupinga.

Nilirudi nyumbani kumwangalia Susu huku nikifanya kazi zangu za mtandaoni. Nikajikuta nina wazee wawili wa kuwapa dawa, na mmoja wao ana makucha.

Tuanze na asili yake. Wanasayansi waliopima chembe za urithi wanasema paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama ambaye hadi leo anaishi katika vichaka vya Kenya. Mwaka 2004 watafiti walitangaza kwamba huko Cyprus wamepata kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita, mtu amezikwa na paka karibu yake. Urafiki wenyewe, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, ulianzia ghalani. Binadamu alivuna nafaka, panya wakaja, paka akawafuata panya. Hakuna aliyemfunga kamba. Alikuja kazini mwenyewe.

Kwa Kikamba paka ni mbaka. Sikiliza neno hilo vizuri, kisha kumbuka kwamba katika karne ya 19 Wakamba ndio waliokuwa wakipeleka pembe za ndovu Mombasa, na Kivoi, mfanyabiashara wao mkubwa, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849. Misafara iliteremka na pembe, ikapanda na shanga, nguo na waya za shaba. Mimi naona jina la paka lilipanda na njia hiyo hiyo, pengine ndani ya kikapu kilichokuwa kinalia njia nzima.

Alipofika Ukambani alikuta kazi. Nchi yetu ni kame, na katika nchi kame nafaka ni uhai. Njaa zetu tunazipa majina kama watoto. Ile iliyokutana na ujenzi wa reli, mwaka 1898 na 1899, iliitwa Yua ya Ngomanisye, njaa iliyoenea kila mahali. Katika nyumba kama hizo, kila debe lililoliwa na panya kwenye ikumbi, ghala letu la asili, lilikuwa siku kadhaa za watoto kula. Hata juzi tu, mwaka 2004, mahindi yaliyoingia ukungu wenye sumu ya aflatoksini yaliwaugua watu 317 katika eneo hili letu la mashariki, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Tangu hapo Susu hachezi na mahindi. Anayaanika, anayageuza, anayaonja kwa jino. Chifu alipoletwa mwaka 2009, kiangazi kikiwa kimekausha kila kitu, hakuletwa kubembelezwa. Aliajiriwa.

Na mkataba wa ajira ile ulieleweka na wote: ukizeeka, kivyako. Paka akiacha kukamata panya anaacha kulishwa, siku moja anaingia kichakani, harudi. Watu husema paka hujificha akitaka kufa. Labda. Lakini labda pia hakuwa na sababu ya kubaki.

Serikali nayo haikumwona. Maabara ya mifugo ya Kabete ilianza kazi takriban mwaka 1910, na orodha ya magonjwa yaliyochunguzwa huko ni historia ya uchumi wa koloni: sotoka, homa ya ndigana, homa ya nguruwe, hata ugonjwa mmoja wa kondoo uliopewa jina la Nairobi. Kila mnyama aliyekuwa na bei alipata ugonjwa wenye jina. Paka alikumbukwa tu pale alipoweza kumdhuru mwenye bei. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja pembezoni mwa Nairobi. Miaka 100 na ushei baadaye, mwaka 2014, Kenya ilipozindua mpango wa kukimaliza ifikapo 2030, Makueni ikawa kati ya kaunti tano za majaribio. Ndivyo Chifu alivyopata sindano yake ya kwanza ya serikali. Mbwa walikuja na kamba, paka walikuja ndani ya magunia, Chifu alikuja ndani ya kiondo cha Susu akitukana.

Kuna mwaka mmoja katika historia ya Ukambani ambao siwezi kuuruka. Mwaka 1938 wakoloni walisema ardhi ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, inaharibika kwa sababu Wakamba wana ng'ombe wengi mno. Hawakuuliza kwanza ni nani aliyeichukua ardhi nyingine. Wakahesabu, wakaweka idadi, na kila kilichozidi wakakiita ziada. Ng'ombe wakachukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikisubiri pale Athi River. Mwezi Julai, zaidi ya watu elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, walitembea hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. Muindi alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, mji ambao paka hulala barazani kama wenye nyumba. Lakini serikali ilirudi nyuma, na uuzaji wa lazima ukaachwa. Wengi wenu mnapita kila siku kwenye barabara yenye jina lake katikati ya Nairobi mkitafuta matatu.

Neno ninalolichukua hapo ni ziada. Wazungu wale walishangaa mtu atang'ang'aniaje ng'ombe mzee asiyetoa maziwa. Kwao mnyama alikuwa mazao. Kwa mwenye boma, ng'ombe yule alikuwa mahari ya dada yake, kumbukumbu ya baba yake, na jina. Hesabu yao haikuwa na safu ya kuandika mambo hayo.

Wakati huo mbali na hapa, paka alikuwa anabadilishwa kutoka kibarua kuwa mgonjwa. Mwaka 1947 Edward Lowe wa Michigan, Marekani, alianza kuuza udongo mkavu wa kufyonza mkojo, na paka akaanza kuishi ndani mwaka mzima. Mwaka 1958 Joan Judd alianzisha Uingereza shirika la kudai kwamba paka atibiwe kama paka, si kama mbwa mdogo. Mwaka 1979 madaktari wa New York walieleza ugonjwa wa tezi ya shingo kwa paka wazee. Mwaka 1987 Paul Pion wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alionyesha kwamba paka walikuwa wanakufa kwa moyo kutanuka kwa kukosa taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki. Ugali hauna. Kwa hivyo ile sahani yetu maarufu, ugali na maziwa kwa paka, ilikuwa njaa iliyovaa nguo za shibe. Omena wa Susu walikuwa wanajua zaidi kuliko sisi.

Jambo lililonigusa zaidi ni figo. Paka ni mtoto wa nchi kame kama sisi. Figo zake zimeumbwa kubana maji, kukojoa kidogo na kizito, kuishi kwa unyevu wa damu ya panya. Zikianza kuchoka, hasemi. Zinapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kabla hujaona dalili yoyote. Halafu ghafla paka aliyekuwa hanywi maji yuko kwenye ndoo kutwa nzima, anakonda, anatapika asubuhi, mdomo unanuka.

Chifu alifika hapo mwaka jana. Daktari wa mifugo wa kwetu ni mtu mwema, lakini maisha yake ni ng'ombe na mbuzi. Alimshika Chifu kama mtu aliyepewa bomu ashike kidogo. Akanishauri nimpeleke Nairobi kwenye vipimo vya damu. Tukapanda matatu, yeye kwenye katoni ya Kimbo yenye matundu, na abiria wote wakajua maoni yake kuhusu barabara ya Mombasa.

Sasa tuna ratiba. Mara tatu kwa wiki anapata dripu chini ya ngozi, mililita 100, katikati ya mabega, kama daktari alivyonifundisha. Maji yanafanya nundu kama ya ngamia, kisha mwili unayanywa polepole. Binamu yangu anamfunga kwenye taulo, mimi nachoma sindano, Susu anakaa kando akimsemesha kwa Kikamba, maneno ambayo sisi wajukuu hatujawahi kuambiwa. Chakula chake ni kuku wa kuchemsha bila chumvi, maana kile cha wagonjwa wa figo kinacholetwa kutoka ng'ambo kina bei ya kodi ya nyumba. Majirani wakisikia ana maumivu wanasema mpe Panadol. Usithubutu. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Hasira zake zina maelezo pia. Paka huficha maumivu kwa sababu porini anayeonekana mgonjwa huliwa. Akikuuma ukimgusa kiuno, hiyo si tabia mbaya tu, ni viungo vinavyomuuma. Ingawa kwa Chifu, kusema kweli, tabia mbaya imo pia. Tangu ujana.

Mjomba wangu amelisema wazi, na si yeye peke yake. Kasikeu hii, anasema, ambapo maji ya kunywa yananunuliwa kwa mtungi, wewe unamwekea paka maji ya hospitali? Kuna watoto wanafukuzwa shule kwa karo. Sina jibu la kumshinda kwa hesabu. Pesa ile ingeweza kufanya jambo lingine, kweli. Kila pesa ingeweza.

Susu ndiye aliyemjibu. Tangu mwaka 2018 serikali ilipoanza kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi kupitia Inua Jamii, yeye hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, zikifika. Kabla ya hapo uzee wa mkulima ulikuwa deni la watoto wake, na asiye na watoto alijua la kutarajia. Susu alimwambia mjomba, "Mimi nalipwa na sijashika jembe tangu goti likatae. Huyu amelinda mahindi yangu miaka kumi na mbili. Wewe ulikuwa unayala."

Mjomba akanyamaza. Kisha akauliza kama chai imebaki.

Naona Susu aligusa jambo kubwa kuliko paka. Uzee unaotunzwa ni kitu kipya hapa kwetu, kwa mtu na kwa mnyama. Hatuna desturi yake iliyokamilika. Tunaitunga tukienda, kwa M-Pesa za wajukuu, kwa vidonge vya presha kwenye mkebe wa Kimbo, na kwa dripu inayoning'inia kwenye msumari wa kalenda. Na kila mara sauti ile ya 1938 iko karibu, inahesabu, inatafuta nani amezidi.

Nimenunua daftari la kurasa 48 na naandika kila kitu: tarehe, uzito, maji, alichokula, alichotapika, aliyeumwa. Susu, ambaye macho yake hayasomi tena, hunitaka nimsomee jioni baada ya taarifa ya habari. Jana ilikuwa fupi. Kilo 2.8. Mililita 100. Amekula nusu. Amemuuma mjomba.

Susu akasema hiyo ya mwisho niipigie mstari.